Wageni Hawakufukuzwa Mezani Petu

Basi la kutoka Butere hadi Nairobi humaliza safari kwa siku moja. Mimi ilinichukua zaidi ya miaka kumi. Nilitoka nyumbani baada ya kidato cha nne nikiwa na begi moja na cheti ambacho hakuna mtu amewahi kuniomba nikionyeshe, nikashukia Kitale kupakia mahindi ghalani. Kutoka Kitale nilikwenda Kericho kuchuma chai, nikagundua kwamba vidole vyangu ni vizito. Nikajaribu viazi Molo, viatu Nakuru, na maua Naivasha. Kila nilipofika nilipakumbuka nilipotoka, na nilipoanza kupazoea nilianza kupakumbuka hata kabla sijaondoka. Huo ni ugonjwa na sijaupatia dawa.

Kitu kimoja kilihama nami kote: pakiti ya karata. Kitale tulicheza juu ya magunia, Kericho juu ya ndoo iliyopinduliwa, Naivasha juu ya maboksi ya maua. Ukifika mahali hujulikani, toa karata. Kabla ya chai ya saa kumi utakuwa umejua nani mkarimu, nani mwizi, na nani mwizi anayejifanya mkarimu.

Nawaandikia ninyi wajaribu wapya wa michezo, mliokalia viti vyetu pale Parklands. Njeri, mbunifu wa michezo hiyo, aliniomba kurasa mbili, kitu mtakachosoma kabla ya kugusa boksi lolote. Nimejaribu kufupisha. Mtaona mlivyo na bahati kwamba sikuandika kuhusu viazi.

Nairobi nilianzia kwa Mzee Harish, kwenye mtambo wake wa kuchapa katika kichochoro kimoja nyuma ya River Road. Tulichapa kadi za harusi, risiti za maduka na kalenda za makanisa. Kazi yangu ilikuwa kukata na kufunga. Siku ya kwanza Mzee Harish alinipa kadi kumi za mwaliko, akaniambia nimwonyeshe iliyo mbaya. Niliziangalia chini ya taa, nikamwambia zote nzuri.

"Wewe angalia na jua," akasema, akanishika bega na kunitoa nje hadi kwenye barabara. "Taa iko na huruma. Jua haina."

Kwenye jua niliiona. Nyuma yake wino ulikuwa mwekundu kidogo kuliko wa wenzake. Kwa harusi haijalishi, hakuna mgeni anayeangalia nyuma ya mwaliko. Lakini kwa karata hilo ndilo jambo la kwanza, kwa sababu karata yenye mgongo tofauti inajulikana kabla haijafunuliwa, na mchezo umekwisha. Mzee Harish alichapa karata za kuchezea tangu ujana wake na aliniachia ujuzi wote alioweza kuutia katika kichwa changu: namna ya kupinda karata na kuiachia usikie inavyorudi, namna ya kupitisha kidole gumba kwenye kona kutafuta mkwaruzo, kwa nini unakata pakiti nzima kwa kisu kimoja bila kukinoa katikati. Hakuwahi kunisifu. Nilipokosea aliniita "bwana mkubwa".

Njeri alikuja pale siku moja ya mvua, amekumbatia mfuko wa nailoni uliojaa vipande vya karatasi ngumu ya manila. Ni mtu wa Uthiru, kwao ni pale pale, babu yake alilima mahali ambapo sasa pana magorofa. Alikuwa amebuni mchezo na alitaka kuona ukichapwa utakuwaje. Mzee Harish akamuuliza unachezwaje. Njeri akasema hawezi kueleza, inabidi watu wanne. Mzee akaangalia huku na huku, akanielekezea kisu cha kukatia.

"Chukua huyu. Chakula ya mchana yeye hucheza na kila mtu mpaka askari wa kanjo ya jiji."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Sijawahi kusikia mtu mwingine aliyepata kazi kwa kuchongewa.

Mchezo wenyewe uliitwa Boma. Kwa atakayesoma haya bila kuujua, nitaueleza. Kila mchezaji anaanza na rundo dogo la karata dhaifu: jembe bovu, kuku mmoja, debe la maji. Katikati ya meza kuna soko la karata nzuri: ng'ombe wa maziwa, tangi, shamba la chai. Zamu yako ikifika unavuta karata tano kutoka juu ya rundo lako, unazitumia kununua kitu sokoni, na ulichonunua kinaingia rundoni mwako. Karata zikiisha unazichanganya upya na kuanza kuvuta tena. Hivyo rundo lako linakua taratibu hadi linakuwa boma la mtu mwenye heshima, na heshima ndiyo inayohesabiwa mwishoni. Tatizo ni yale majembe mabovu. Hayaondoki. Umeshanunua ng'ombe watatu lakini ukivuta karata zako, jembe bovu limo, linakutazama kama jamaa wa zamani anayejua ulikotoka. Mchezaji hodari hutumia nusu ya akili yake kutafuta njia ya kulitupa.

Tulikuwa wajaribu watatu. Mimi, Wafula, fundi wa kuchomelea kutoka upande wa Bungoma, aliyekuwa na kibanda karibu na Mountain View, na Mama Wambui, shangazi yake Njeri, muuzaji wa nguo za mitumba Kangemi na mzee wa kanisa. Njeri alicheza wa nne. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya nyumba za gorofa Parklands, ghorofa ya pili, kengele ya hekalu ikisikika asubuhi na adhana mchana. Vifaa vyetu vilikuwa vichache: blanketi juu ya meza ili karata zisiteleze, kalamu za wino mzito, na mabaki ya kadi za harusi kutoka kwa Mzee Harish, ambayo tuliyaandika upande mweupe. Kwa miezi mingi ng'ombe wetu wa maziwa alikuwa na majina ya bwana na bibi harusi mgongoni.

Watu hudhani kujaribu mchezo ni kucheza. Kucheza ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kumtazama asiye na zamu. Akiegemea mbele, mchezo uko hai. Akianza kupanga karata zake zilizokwisha pangika, una homa. Simu ikitoka mfukoni, umekufa, nenda ukauzike. Na unapowapa watu wageni boksi, huelezi chochote. Unakaa kando na kukalia mikono yako, kwa maana ukiiacha huru itanyoosha kidole. Wafula hakuiweza kamwe sehemu hiyo. Alikuwa akikohoa mtu akikaribia kukosea.

Boma ilitoka ikapendwa, kisha ikatulia. Mchezo wa karata hupendwa sana na wanaoununua wiki ya kwanza, halafu waliobaki huwatembelea hao na kucheza kwa boksi lao. Maduka yakamwambia Njeri wazi: leta nyongeza, boksi dogo la karata mpya za kuongeza kwenye zile za zamani, na ilete kabla ya likizo ya Desemba, la sivyo rafu hii tunaiwekea kitu kingine. Njeri hakutuficha. Alituketisha akasema nyongeza ikikwama atarudisha ufunguo wa chumba kwa mwenye nyumba na kila mtu atafute pa kwenda. Mimi kutafuta pa kwenda nimezoea. Lakini Wafula alikuwa ameshafunga kibanda chake ili acheze kila siku, na Mama Wambui alikuwa amempa jirani nafasi yake sokoni. Na Njeri hakuwa na kazi nyingine aliyoitaka duniani.

Nyongeza yake aliiita Wageni. Ilikuwa nzuri, na bado nasema hivyo. Kila raundi mgeni mmoja anaingia katika rundo la mchezaji fulani: mjomba, mhubiri, binamu anayetafuta kazi, shemeji mwenye habari nyingi. Ukimvuta, anachukua nafasi ya karata ambayo ingekufaa. Unamlisha kwa kutoa karata moja ya chakula. Ukishamlisha mara tatu anakuachia baraka, na baraka ina heshima nyingi mwisho wa mchezo. Kulikuwa na sheria moja zaidi, fupi, ambayo Njeri aliiweka kwa ajili ya mtu aliyeishiwa kabisa: kwa zamu yako unaweza kumtoa mgeni, naye ataingia kwa jirani yako wa kulia.

Tuliijaribu kwa miezi. Wafula alipenda kuwakaribisha wageni kwa sauti. Akivuta mjomba anasukuma kiti. "Karibu, mzee. Huku ni kwa wanaume, chai iko na majani." Siku akiwa hana chakula alimtoa mgeni kwa aibu kama amekutwa na kosa. "Pole sana, mzee. Hapa leo ni hewa tu. Jaribu kwa Mama Wambui, huko nasikia kunanukia."

"Mlete," Mama Wambui angejibu. "Wewe Wafula utaenda mbinguni kwa mlango wa nyuma."

Wakati mmoja Mama Wambui hakuwa na karata ya chakula isipokuwa ng'ombe wake wa maziwa, karata bora kuliko zote mezani. Akamtoa ng'ombe akamlisha mhubiri.

"Mama, hiyo ni kuchinja ng'ombe kwa sababu ya sahani moja," nikamwambia.

"Sasa nimwambie nini? Aketi amezee mate?"

Alishindwa vibaya siku hiyo. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Kisha tukaandika ripoti: mchezo una mvutano, baraka zinagawanyika sawa, hakuna mchezaji anayeachwa nyuma sana, simu hazitoki mifukoni. Njeri akampelekea Mzee Harish karata za kwanza apime wino, maana migongo ya karata mpya lazima ifanane na ya boksi la zamani, la sivyo mgeni anaonekana akitoka mbali. Nafasi kwenye mtambo ikawekwa.

Likabaki jaribio moja, la watu wasiotujua. Njeri alisoma na mke wa wakili mmoja anayeishi Lavington, Wakili Mutua, na familia hiyo ilikubali kutukaribisha Jumamosi mchana. Nilikwenda peke yangu na boksi. Askari langoni aliniuliza nauza nini. Nikamwambia siuzi, nimekuja kutazama watu wakicheza karata. Aliniangalia kwa muda, akafungua lango. Nadhani amesikia mengi.

Walikaa wanne kwenye veranda: Wakili Mutua, mkewe, binti yao Mumbua aliyekuwa kidato cha tatu, na binamu wa Mumbua. Nikaketi pembeni nikaikalia mikono yangu. Mumbua ndiye aliyesoma sheria, kwa sauti, mara moja, bila kurudia. Mgeni wa kwanza alimwangukia yeye, yule shemeji mwenye habari nyingi. Mkononi mwake, niliona, alikuwa na chakula cha kutosha: kuku na unga. Hakugusa. Aliichukua karata ya shemeji kwa vidole viwili akaipeleka kwa baba yake.

"Huyu aende kwa Daddy."

"Eh! Hata maji?" wakili akauliza.

"Sheria inasema naweza."

Aliyefuata ni binamu. Naye alimsukuma mgeni wake kulia, akamfikia Mumbua, na Mumbua akampitisha kwa baba. Mama akaona mambo yanavyokwenda, naye akaacha kulisha. Wakili peke yake ndiye aliyejaribu kuwalisha watu, na kwa sababu alikuwa akiwalisha, wote walibaki kwake. Kufikia katikati ya mchezo alikuwa akivuta karata tano, zote wageni.

"Niko na mjomba wawili, pastor, shemeji, na huyu kijana anatafuta kazi," akasema akizitandaza. "Sina kuku, sina shamba. Mimi si mtu tena. Mimi ni hoteli."

Waliangua kicheko, na nami nilicheka kidogo. Lakini raundi tatu baadaye alikuwa hana la kufanya ila kuvuta na kuweka chini, na niliona mkono wake ukienda mfukoni, ukatoka na simu.

Jambo moja lilinichanganya zaidi. Mumbua, aliyekuwa amewafukuza wale wageni wote bila kupepesa jicho, aliinuka katikati ya mchezo, akaja na birika, akaniuliza kama naongeza chai. Akaniletea na mahamri. Alipoona nakula polepole akasema, "Uncle, usijali, kuna zingine jikoni." Mtoto aliyelelewa vizuri kabisa. Alijua tu kwamba karata ni karata. Sisi watatu kule Parklands tulikuwa hatujui. Tuliijaribu nyongeza kwa miezi bila hata mmoja wetu kuijaribu sheria yake fupi kuliko zote akiwa na chakula mkononi, kwa sababu mikono yetu ilikataa kufanya kitu ambacho mama zetu wangetupigia.

Nilirudi Parklands Jumatatu nikasema yote. Wafula ndiye aliyesema kwanza.

"Hao ni watu wa namna gani?"

"Ni watu wazuri, Wafula. Wamenipa mahamri."

"Na mgeni wamemnyima maji."

"Mgeni ni karatasi."

"Makokha," akasema Mama Wambui taratibu, "usiseme hivyo mbele ya watu."

Njeri alikuwa ameweka uso mikononi. Mtambo ulikuwa unatungoja, Desemba haikuwa mbali. Wafula akapendekeza tuifute ile sheria: mgeni hatolewi, basi. Njeri akatikisa kichwa.

"Nikikulazimisha kumlisha, hiyo si ukarimu, hiyo ni kodi. Mchezo mzima uko pale kwa kuchagua. Ukiondoa, ni afadhali nichape kalenda."

"Tuiache ilivyo?" nikauliza.

"Iko broken, Mako. Umesema mwenyewe. Mtu mmoja akicheza vibaya, wote wanacheza vibaya, na mzuri anakuwa hoteli."

Nikafikiria nyumbani. Kwetu mgeni hatolewi mlangoni. Unatoka naye, mnapita shamba, mnafika njia panda, mnasimama mnaongea tena karibu nusu saa, ndipo mnaagana. Kumsindikiza mgeni kunakula siku yako. Nikawaambia: basi anayemtoa mgeni amsindikize. Atoe karata moja ya rundo lake iende pamoja na mgeni kwa jirani, ibaki huko. Njeri aliinua uso. Alichukua kadi ya harusi ya watu tusiowajua, akaiandika sheria hiyo mgongoni, tukacheza mara nne mfululizo. Ilikwenda vizuri. Bila shaka ilikwenda vizuri, ni sisi tuliokuwa tunacheza. Wafula alimsindikiza mhubiri kwa ng'ombe.

Safari hii tulikwenda Lavington wote wawili, mimi na Njeri. Mumbua akaisoma sheria mpya mara moja. Akavuta mgeni. Akatazama karata zake, akatabasamu, akamwekea baba yake mjomba pamoja na jembe bovu.

Nilifumba macho. Jembe bovu, ile karata ambayo kila mchezaji anaota kuitupa! Tulikuwa tumempa sababu ya kuwafukuza wageni kwa furaha. Kwa nusu saa wakili alipokea wageni na takataka za nyumba tatu.

"Njeri," akasema, ameshika jembe la nne, "sasa hata mgeni akija ananiletea scrap. Huyu mwenye alitengeneza hii mchezo ananichukia?"

Njeri alikuwa amekaa karibu nami. Aliikalia mikono yake. Njiani kurudi, tulipopita Westlands, akaniambia kwamba kesho atampigia Mzee Harish simu aifute nafasi yetu.

"Ngoja mpaka tuongee na shangazi," nikasema. Sikuwa na sababu. Nilitaka tu usiwe uamuzi wa wakati huo.

Mama Wambui alitusikiliza kesho yake akiwa amesimama, mfuko wa nguo begani. Kilichomkasirisha haikuwa kwamba mchezo umevunjika.

"Nani aliwaambia mtu huchagua anayemsindikiza mgeni?" akauliza. "Kwetu mgeni akisimama, anaenda naye yule amekuwa karibu na mlango. Kama ni baba, ni baba. Kama ni yule unamtegemea jikoni, na ugali iko motoni, ni huyo huyo. Ukianza kuchagua, mgeni ataona umemtafutia mjinga."

Njeri alimtazama, kisha akaangalia rundo la karata juu ya blanketi. Aliweka kidole juu ya karata ya juu kabisa, iliyolala kifudifudi.

"Karibu na mlango," akasema.

Ndivyo sheria ilivyopatikana, na ndivyo ilivyo kwenye boksi hadi leo: ukimtoa mgeni, karata ya juu ya rundo lako inamsindikiza, bila kuiangalia kwanza. Inaweza kuwa jembe bovu. Inaweza kuwa kitu ulichokitafuta mchezo mzima.

Wakili Mutua alisitasita kutukaribisha mara ya tatu. Nadhani mkewe alimshurutisha. Tulikwenda wote wanne, na Mama Wambui akabeba ndizi kwa sababu haiwezekani kwenda nyumba ya watu mikono mitupu. Mchezo ukaanza. Mumbua akamtoa mgeni wake wa kwanza kama kawaida yake, na karata ya juu ikafunuka: debe la maji. Akacheka. Akamtoa wa pili, ikafunuka jembe bovu. Akapiga makofi. Nilisikia Wafula akianza kukohoa, nikamkanyaga.

Mgeni wa tatu alikuwa yule binamu anayetafuta kazi. Mumbua akamsukuma kwa baba yake, akafunua karata ya juu. Lilikuwa shamba la chai, alilolinunua kwa zamu tatu za kujinyima.

"Zii!" akasema. "Zii, zii, hiyo hapana!"

"Hiyo ndiyo sheria!" Wakili alikuwa amesimama, shamba la chai mkononi, akilipeperusha juu ya kichwa. "Umesindikiza mgeni! Asante, mama! Na huyu kijana naye nitampa kazi, si sasa niko na shamba!"

Aliizunguka meza akicheza, mtu mzima, viatu vya Jumamosi miguuni. Hakuna aliyekuwa na simu mkononi.

Raundi iliyofuata Mumbua alivuta mgeni mwingine. Aliishika karata ukingoni mwa meza, tayari kuisukuma, kisha akaangalia rundo lake lililofunikwa. Akaangalia baba yake. Halafu akairudisha mbele yake, akachukua karata ya kuku, akaiweka juu ya mgeni.

"Basi kula," akamwambia.

Hakuna aliyemlazimisha. Njeri aligeuka akatazama bustani, na aliendelea kuitazama kwa muda mrefu kuliko bustani ilivyostahili.

Wageni ilichapwa, Mzee Harish akiibeba kila karata hadi kwenye jua, akaniita bwana mkubwa mara moja tu. Iliwahi likizo. Chumba kikabaki chetu, na baada ya hapo cha kando yake pia, ndiyo maana mna meza mbili na mnaweza kugombana kwa nafasi.

Nilifanya kazi pale miaka mingine kadhaa baadaye. Nimeacha sasa, nikiwa bado na meno yangu, na baadhi yenu mmeniuliza kwa nini. Sababu moja ni miguu yangu. Kuna rafiki yangu wa Naivasha anayefuga nyuki Marigat na sijawahi kuishi Marigat. Sababu nyingine ni ya kazi. Mjaribu huisha. Siku moja nilikaa na mchezo mpya wa Njeri na katika raundi ya pili nikajua nani atashinda na kwa njia gani. Mtu asiyeweza kupotea hawezi kumwambia mwenye kuchora njia kwamba njia inapoteza. Wanaofaa ni wanaofika wapya, na walioletwa kutoka mahali mbalimbali, ili kile ambacho mkono wa mmoja unakataa mwingine akifanye bila kufikiri. Njeri akiajiri watu wa kijiji kimoja, mkumbusheni.

Siku ya kuondoka nilipita Parklands asubuhi kuacha ufunguo. Nilikuwa sijafika mlangoni nikawasikia. Mlikuwa na mchezo wake mpya wa mvua, ule aliousumbukia tangu Pasaka, na mmoja wenu, simtaji, alikuwa akipiga kelele: "Imeandikwa wapi siwezi? Nionyeshe! Imeandikwa wapi?"

Njeri akatoka, akaufunga mlango nyuma yake, ameshika kichwa.

"Wameuharibu," akasema. "Siku ya pili, Mako. Siku ya pili tu wameuharibu wote." Alikuwa anacheka hadi machozi. "Ninyi mlichukua miezi!"

"Sisi tulilelewa vizuri," nikamwambia.

Nikampa ufunguo. Aliniuliza kama siingii kuwaaga. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa, nikitaka kujua umevunjikia wapi. Lakini ndani mlikuwa mmeshanyamaza, na nikasikia karata zikichanganywa upya. Mchezo ukishaanza, mtu haingii. Nikahamishia begi bega la pili, nikashuka ngazi.